Maharage Yaliyoanikwa Kwenye Njia ya Baiskeli

Ndugu zangu mliolala hospitalini, nanyi mnaouguza, nawaandikia mimi Mama Neema, mshona nguo wa hapa Lushoto mjini. Naandika nikiwa nimekaa, jambo ambalo halitamshangaza yeyote anayenifahamu. Hata kabla ya ajali nilikuwa nimekaa.

Mimi ni mtu wa ndani. Cherehani yangu iko dirishani, jiko liko nyuma yangu, na katikati hapo nilikuwa nimemaliza dunia yote. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa fundi seremala asiyetulia. Nikitoka kwenda kununua uzi aliwapigia kelele majirani: "Anueni nguo! Mke wangu katoka, mvua inakuja!"

Kisha mtaani kwetu ikajengwa njia ya baiskeli. Ilipita kando ya barabara kuu, lami laini, na kati yake na magari wakapanga vizuizi vya zege vinavyofika magotini, vimekaribiana kiasi kwamba hata mbuzi alisimama kwanza akafikiri. Hapa na pale waliacha upenyo wa kutokea. Tukaambiwa ni njia iliyokingwa, gari haliwezi kuingia.

Mtaa mzima ukaelewa kwa namna yake. Sisi watu wa milimani sehemu tambarare hatuna. Ukiiona, jambo la kwanza unawaza kuanika kitu. Maharage yalipovunwa, turubai zikatandikwa pale. Jua lipo, vumbi hakuna, gari halikanyagi. Silaumu mtu. Ningekuwa na shamba, na mimi ningeanika.

Wenye baiskeli nao hawakulalamika. Nani akanyage chakula cha mwenzake? Ukikuta turubai unashuka, unatoka kwenye upenyo, unasukuma baiskeli yako barabarani kwenye magari, unamsalimia mwenye maharage, unarudi ndani kwenye upenyo wa mbele. Tuliona huo ndio ustaarabu. Hakuna aliyesema hata siku moja, "Mama, toa maharage."

Baba Neema akaniambia, "Siku zote unasema magari yatakuua. Haya, magari yamefungiwa nje. Kisingizio kimekwisha." Akanitengenezea baiskeli kuukuu ya kike, akashika keria nyuma, nami nikaanza kujifunza katika umri ambao vijana wa sekondari wananiamkia. Nilianguka sana, na kila mara upande wa kulia. Bibi Mwanaisha, jirani yetu, akauliza kama upande wa kushoto nimeuweka akiba.

Lakini nilijua. Ndugu zangu, nilijua kuendesha! Kwa mara ya kwanza tangu tuoane, tulikuwa tunatoka pamoja asubuhi, mimi mbele, yeye nyuma, akinikosoa.

Siku ile tulikuwa tunaenda sokoni. Jua lilikuwa zuri, ukungu umeshapanda. Karibu na kona tukakuta turubai la Bibi Mwanaisha limejaa njia nzima, naye kakaa pembeni anachambua mawe. Tukashuka, tukatoka kwenye upenyo. Baba Neema akajiweka upande wa magari, mimi upande wa vizuizi. Angeweza kupita tu. Lakini alikuwa mtu wa kijiji cha Gare, na kwao humpiti mtu mzima kama unapita nguzo ya umeme. Akasimama, akageuza uso.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Leo umemtoa mwali wako ndani?"

"Nimemtoa, bibi. Funika maharage, mvua inakuja."

Walikuwa bado wanacheka. Lori la kabichi lilikuwa linashuka, likamkwepa bodaboda aliyekatiza. Nilisikia breki zikilia, kisha baiskeli ya mume wangu ikanipiga tumboni. Nilitaka kurukia ndani. Nyuma yangu kulikuwa na zege, na upenyo ulikuwa bado mbele. Mguu wangu wa kulia ukabanwa kati ya kizuizi na lori. Niliona mfupa wa paja umetoboa sketi, mweupe kabisa, na wazo lililonijia lilikuwa la mshona nguo: kitambaa hiki hakitashoneka tena.

Baba Neema sikumwona. Niliona maharage yametapakaa barabarani, na Bibi Mwanaisha kapiga magoti katikati yake, kashika kichwa.

Nilizinduka hospitalini, mguu umening'inizwa kwa mawe ya kuuvuta mfupa, kama nyama buchani. Nilitiwa mpira wa mkojo. Haja kubwa nilijisaidia kitandani, na mimi ni mtu ambaye hata kujamba nilikuwa nasubiri wageni waondoke. Aliyeniuguza ni wifi yangu Damari, dada mdogo wa mume wangu. Alinigeuza, alinisafisha, alinilisha. Na kwa kuwa wifi ni mtani, hakuacha kunisema. "Wifi, ulikuwa unalala kitandani mchana bure. Sasa umepata na cheti."

Swali langu la kwanza lilikuwa, "Kaka yako yuko wapi?"

"Kapewa rufaa. Mbavu. Anaendelea."

Kila alipokuja alileta salamu. "Kaka anasema usipomaliza huo uji, atatoroka huko aje aunywe yeye." Siku nyingine: "Kaka anasema afadhali umevunjika mguu, maana kiungo hicho ulikuwa hukitumii." Nilicheka mpaka jeraha likauma, na muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Nikamaliza uji. Ndivyo nilivyokula wakati ule wote, kwa maneno ya mume wangu.

Neema, binti yetu anayesoma Tanga, alikuja mara moja. Alijifunga kilemba, nikadhani ni mtindo wa chuoni. Hakuweza kunitazama, akatoka mbio nje. Nikaambiwa harufu ya kidonda imemshinda, nami nikaamini, kwa sababu harufu kweli ilikuwepo. Kidonda kilikuwa kimetunga usaha. Wakifungua bandeji, mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeukia ukutani. Homa ilipanda, meno yakagongana, mara jasho, mara baridi.

Daktari alikuwa dada mmoja asiyezungusha maneno. Akavuta kiti. "Mama, usaha umefika kwenye mfupa. Nashauri tuukate mguu. Tunaweza kukusafisha tena ndani, lakini siahidi kitu, na tukichelewa tutakukosa wewe mwenyewe. Unasemaje?"

"Mwulizeni mume wangu," nilisema. "Yeye ndiye aliyenifundisha kuutumia. Wifi, mpigie kaka yako, nitafanya atakavyosema."

Damari akainama haraka kuchukua beseni chini ya kitanda, na kitambaa alichokuwa anafunga kichwani kila siku, ambacho nilidhani ni cha baridi, kikateleza. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Nywele ndiyo kwanza zilikuwa zinachipua.

Kwetu mtu hanyoi hivyo kwa urembo. Wafiwa ndio hunyolewa, matanga yakianuliwa. Nikakumbuka kilemba cha Neema.

"Wifi," nilisema, "tumefiwa na nani?"

Akakaa chini sakafuni na beseni lake. "Alifia palepale barabarani, wifi. Wazee walisema ukiambiwa utamfuata. Tukangoja upate nguvu."

"Na zile salamu?"

"Zangu," alisema. "Zote zangu. Ulikuwa huli."

Nilimwuliza walimzika lini. Akanitajia siku, nami nikaijua. Mchana wa siku ile nilikuwa nacheka ule utani wa mguu nisioutumia. Damari alikuwa ametoka makaburini, akanawa, akapanda gari kuja kunichekesha.

Sina maneno ya kueleza yaliyofuata. Nililia, halafu nikamtukana Damari matusi ambayo sikujua ninayajua, naye akakaa palepale akayapokea yote. Daktari alisubiri mlangoni. Niliponyamaza, nikamwuliza swali moja tu: kama wakinisafisha tena, naweza kufika Gare kwa mguu? Mume wangu kazikwa nyumbani kwao, na kule gari linaishia barabarani. Makaburi yako chini bondeni, njia nyembamba kati ya matuta.

"Inawezekana," alisema. "Na inawezekana ukafa mezani. Nimekwambia yote."

"Nisafishe."

Walinisafisha, wakarudia, wakanitia vyuma. Homa ikashuka, ikarudi, mwisho ikaniacha. Kisha yakaja mazoezi, na hayo ndugu zangu yaliniumiza kuliko ajali. Kijana wa mazoezi ya viungo alikunja goti langu nikaona nyota saa nne asubuhi. Nilijikojolea nikijifunza magongo. Damari aliwaambia wodi nzima kwamba wifi yake ni kama gari la zamani, halitembei mpaka limwage maji. Alisema hivyo macho yamemvimba. Nami nikacheka, safari hii nikijua ninacheka maneno ya nani.

Niliporudi nyumbani Bibi Mwanaisha alikuja, akasimama mlangoni, akagoma kuingia. Alikuwa amekonda. "Mwanangu, sijala maharage tangu siku ile," alisema. "Hata harufu yake siiwezi." Nilijua natakiwa kumwamkia, yeye ni mkubwa. Ulimi ukagoma. Tulitazamana hivyo, mimi na magongo yangu, yeye na ushungi wake, mpaka akaanza kuondoka. Ndipo nikasema, "Shikamoo, bibi. Ingia, kuna chai." Sikumwambia kwamba si kosa lake, maana sikuwa na hakika siku hiyo. Lakini chai tulikunywa.

Gare nilikwenda mguu ulipokubali. Gari lilituacha juu. Damari alishuka mbele yangu, mgongo wake ukiwa ukuta wangu. Palipokuwa na mteremko mkali nilikaa chini nikaburuza makalio kwenye tope, mjane mzima, na watoto wa jirani wakacheka, nami sikuwakataza. Kaburi lilikuwa tuta tu la udongo mwekundu. Halikujengewa, halikupandwa maua, msalaba ulikuwa wa mti. Mama mkwe alikuwa amekataza.

"Nilisema kaburi halijafungwa," aliniambia. "Mkewe hajatupa udongo."

Walikuwa wameacha fungu la udongo pembeni, wamelifunika kwa majani ya mgomba, wakiyabadilisha yakikauka. Nikatupa udongo wangu. Damari akaanzisha wimbo wa maziko, wakaitikia wachache waliokuwepo. Kisha nikakaa chini kwa sababu mguu ulichoka. Na kusema kweli, kwa sababu nyingine pia.

Leo natembea. Mguu wa kulia ni mfupi, nachechemea, na kukiwa na baridi vyuma vinauma. Namshukuru Mungu, yule daktari, na wauguzi waliofungua bandeji zangu bila kukunja pua. Namshukuru Damari, ambaye sijamaliza kumsamehe na sijui ningeishi vipi bila yeye.

Wewe uliyelala na mguu unaotoa usaha, sema ukweli wa maumivu yako, uliza kila kitu, na kubali mazoezi hata ukijikojolea. Na ninyi wa mtaani kwetu, njia ya baiskeli iacheni wazi. Ukikuta imefungwa, simama ndani ya vizuizi, mwamkie mwenye mali kwa heshima zote, umwombe avute turubai. Atanuna kidogo. Usitoke barabarani.

Nanyi mnaouguza, mgonjwa akiuliza mwenzake yuko wapi, mwambieni. Najua mnaogopa, na huruma yenu ilinifanya nile uji. Lakini mtu anahitaji kulia pamoja na watu wake. Mimi nilipoanza kulia, wenzangu wote walikuwa wameshanyamaza.