Joho la Baba Yake Jumbe

"Baba akikupeleka kwenye nyumba ya babu, usipige miayo," mchumba wangu aliniambia. "Mchumba wa kaka alipiga miayo, na mambo yakaishia hapo hapo."

Tulikuwa tumekaa juu ya magunia matupu nyuma ya lori la shamba la ngano, tunakwenda Katesh kutafuta gari la kupanda Mbulu. Yeye alikuwa fundi wa karakana pale shambani, mimi mhudumu wa zahanati ya wafanyakazi. Tulijuana siku alipoletwa kwangu na kidole kilichobanwa na mnyororo wa kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano, akawa anarudi kufungwa bendeji hata baada ya kidole kupona. Mwaka ukapita hivyo. Sasa alitaka kunioa, na baba yake alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Alichosema ni, "Mlete nimwone."

Niliogopa, sina sababu ya kuficha. Mimi ni mtoto wa wafugaji wa uwanda wa Hanang, Mbarabaig. Yeye ni Mwiraqw wa Bashay, mtoto wa wakulima wa mlimani waliokuwa Wakristo tangu zamani. Watu wetu na watu wao wameibiana ng'ombe miaka isiyohesabika. Kwao tunaitwa Wamang'ati, neno lililotoka kwa Wamasai, na kwa Wamasai maana yake ni adui. Nililisikia sokoni, nililisikia hadi zahanati kutoka kwa wagonjwa niliokuwa nawapa dawa, na kila nikilisikia damu ilinichemka. Mama yangu naye hakuwa upande wangu.

"Ulikwenda kuwafanyia kazi waliolima njia yetu ya maji," aliniambia, "sasa unakwenda kuolewa na watu wa jembe. Wakikukataa, usije kunililia hapa."

Kwa hiyo mzee wa Bashay akisema hapana, nisingekuwa na pa kuuweka uso wangu.

Huyo babu wa kwenye nyumba alikuwa jumbe wakati wa Mwingereza. Wazee wa kule bado wanasimulia jinsi alivyokaa chini siku tatu mbele ya ofisi ya bwana shauri, yule Mzungu mtawala wa wilaya, akikataa kuondoka mpaka watu wake warudishiwe chemchemi yao. Ndiye pia aliyewajengea watoto darasa la kwanza. Alipofariki, watu wa kata wakaamua kwamba nyumba aliyozaliwa na kukulia isibomolewe, iwe makumbusho. Mtunzaji akawa mwanawe, mwalimu mstaafu, na huyo ndiye aliyekuwa baba yake mchumba wangu.

Tulifika miguu ikiwa imevimba. Mama mwenye nyumba alikuwa barazani anachambua maharage. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, kisha akasogeza kigoda chake nipate nafasi. Nikakaa na kuchambua naye. Mzee alipotoka ndani alikuwa amevaa koti la suti kwenye jua lile, na mkononi ana ufunguo mkubwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekunywa chai? Haya, twende ukaone."

Hata sikuulizwa jina. Mchumba wangu akanifuata nyuma. Huyu mwanaume alikuwa anaweza kufungua injini nzima ya kombaini na kuifunga tena bila kubakiza nati moja, lakini mbele ya baba yake alikuwa hawezi kufungua hata mdomo.

Nyumba yenyewe ilikuwa tembe ya zamani, nusu yake imechimbwa ndani ya mteremko, paa la udongo limeota majani. Ukiwa juu yake kilimani unaweza kupita bila kujua kwamba chini ya miguu yako kuna watu. Mzee alisema ilijengwa hivyo ili adui asiione kwa mbali. Aliposema adui alikohoa kidogo, nami nikajifanya naangalia mlango.

Ndani alinionyesha kila kitu bila haraka, na kila kitu kilikuwa na maelezo yake, yameandikwa kwa wino mwekundu kwenye vipande vya boksi la sabuni. Kigoda cha miguu mitatu, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Jembe lililolika likabaki kama kijiko. Kibuyu cha maziwa. Upande waliolala ndama na upande waliolala watoto. Sikupiga miayo hata mara moja, na si kwa kujilazimisha. Mzee alikuwa anasimulia vizuri, na nilianza kumpenda yule jumbe alipokuwa mtoto, anayeogopa giza na kulala karibu na ndama. Nikajisemea moyoni, kumbe jambo lenyewe jepesi.

Ndipo tukafika ukuta wa mwisho.

"Hiki ndicho kitu kikubwa kuliko vyote," mzee alisema, akavua kofia.

Ukutani ilitundikwa ngozi ya mbuzi nyeusi kwa moshi na uzee, imetandazwa juu ya fimbo mbili kama mabega ya mtu. Chini yake boksi lilisema: JOHO LA BABA YAKE JUMBE. ALIMFUNIKA MTOTO NALO SIKU ALIPOZALIWA. Mzee akaeleza kwamba kamati ya kata ililikuta darini, na kwamba wanafunzi wakiletwa hapa husimama wima mbele yake. Hata mgeni mmoja kutoka wilayani aliinamisha kichwa.

Nilitazama. Nikatazama tena. Ile ngozi ilikuwa na mkanda mnene upande wa juu, wa kufungia kiunoni. Kuanzia hapo chini ilikuwa imechanwa vipande vyembamba virefu, na ukingoni kulikuwa na safu za matundu madogo yaliyokuwa na shanga zamani. Bibi yangu anayo kama hiyo. Huipaka samli kila mara ilainike. Kwetu ni vazi la heshima kuliko yote aliyonayo mwanamke, na huvaliwa na aliyeolewa tu.

Ilikuwa sketi. Kata nzima ilikuwa inavulia kofia sketi ya bibi wa Kibarabaig.

Kicheko kilinipanda mpaka kooni. Nikauma midomo, nikafikiria misiba, nikafikiria sindano za zahanati. Halafu kicheko kikaniacha na hasira ikaja mahali pake. Vazi la mama zangu limetundikwa hapa, limepewa mwanaume asiyelijua, na mimi nisimame kimya kwa sababu natafuta mume? Lakini ningesema nini? Msichana anayesubiri kukubaliwa, siku ya kwanza, anamsahihisha mwalimu mstaafu ndani ya nyumba ya baba yake! Nilimtazama mchumba wangu anisaidie. Alikuwa anahesabu miti ya paa.

Basi nikaitikia kwa kichwa tu. Mzee akavaa kofia, akaonekana ameridhika, akanipeleka kwenye kimeza karibu na mlango. Juu yake kulikuwa na kitabu cha wageni, na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiondoke na mtu.

"Andika," alisema. "Jina, unakotoka, na maoni. Maoni ni muhimu."

Wageni walionitangulia waliandika "Safi sana", "Tumefurahi", "Mungu alibariki jumba hili". Nami nilitaka kuandika "Safi sana". Naapa nilitaka. Lakini mimi nina hasira za karibu, na kalamu ikishakuwa mkononi mwangu huwa haniulizi. Kwa ule mwandiko wangu wa kadi za kliniki nikaandika: "Vazi la ukutani si joho. Ni sketi ya mwanamke wa uwandani aliyeolewa. Bibi yangu anayo. Shikamoo baba."

Mzee akavaa miwani, akasoma kwa sauti, kama alivyozoea kuwasomea wanafunzi. Alipofika kwenye neno sketi sauti ilipungua. Alipofika kwenye shikamoo haikuwepo tena.

Nilijua nimekwisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilianza kufikiria njia ya kurudi Katesh, na uso wa mama yangu.

"Si nilikuambia?" sauti ikatoka mlangoni. Alikuwa mama mwenye nyumba, na ungo wa maharage bado uko mkononi. "Miaka yote hii nakuambia, baba watoto. Joho gani lina mkanda wa kiunoni?"

"Ulisema, nikakujibu wanawake wetu hawakuvaa hivi," mzee akamwambia.

"Ndiyo, wetu hawakuvaa. Lakini nani alisema ni la wanawake wetu?"

Mzee akanigeukia. "Onyesha."

Niliishusha ile ngozi kwa mikono miwili. Mimi nisingeweza kuivaa, maana sikuwa nimeolewa. Nikamwomba mama aweke ungo chini, nikamfunga yeye kiunoni. Vile vipande vikaanguka vyenyewe mpaka miguuni, kila kimoja mahali pake, na alipopiga hatua vikacheza. Mama akajitazama, akapiga hatua nyingine, akaanza kucheka mpaka machozi.

Mzee akakaa kwenye kile kigoda kisichokaliwa.

"Bibi yangu, mama yake jumbe, sikumwona," alisema. "Shangazi alikuwa anasema bibi alikuja na njaa. Basi, alikuja na njaa, hakusema kutoka wapi. Na alisema hakujua kushika jembe hata kidogo. Sisi tulidhani alikuwa mvivu." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akairudisha. "Kumbe aliyemfunika mtoto si baba. Ni mama, kwa nguo yake mwenyewe."

Nilimwona anamwonea huruma yule bibi aliyeitwa mvivu, na hasira yangu yote ikaisha. Nilitamani nimshike mkono, ila haikuwa adabu.

Kisha akanyanyua kichwa, akanitazama kwa upole, na kwa upole ule ule akasema:

"Basi wewe ni dada yetu."

Mchumba wangu ndipo akapata mdomo. "Dada vipi, baba?"

"Ukoo ukiwa mmoja ni dada. Hamwezi kuoana. Kwao ni hivyo, na kwetu ni hivyo." Akaniuliza, "Hii ngozi ni ya ukoo gani?"

"Ngozi haionyeshi ukoo, baba," nikasema. "Koo zetu ni nyingi."

Yaani nilikuwa nimetafuta kwa mkono wangu mwenyewe njia ya kutokubaliwa, si kwa kuwa adui, bali kwa kuwa ndugu. Ningeandika "Safi sana" ningekuwa tayari nakula ugali.

"Nitakwenda mwenyewe kuuliza wazee wake," mzee akasema. Akainuka, akaling'oa lile boksi ukutani, akalitia mfukoni. "Na siendi ugenini. Nakwenda kwa wajomba wa baba yangu."

Wiki mbili zile nilifanya kazi kama mgonjwa anayetibu wagonjwa. Nilikuwa naomba ombi ambalo sidhani Mungu aliwahi kulisikia kwa mtu mwingine: yule bibi awe wa kwetu, lakini asiwe wa kwetu mno.

Mzee alishuka kwa lori la shamba, amevaa koti lile lile la suti, ile ngozi ameikunja ndani ya mfuko wa ngano. Nyumbani kwetu alimwamkia bibi yangu shikamoo kabla hajakaa, akafungua mfuko na kumwekea mapajani. Bibi alikuwa haoni vizuri. Aliupapasa mkanda, akapapasa matundu ya shanga moja moja, akanusa. Nilisimama nyuma ya mama yangu, nimeshika nguo yake kama mtoto, na mchumba wangu upande wa pili wa zizi alikuwa hajui mikono aiweke wapi.

"Huu ni ushonaji wa akina fulani," bibi akasema, akataja ukoo wa upande wa ziwa. "Mama yangu alinisimulia. Mwaka wa njaa walimpandisha binti yao mlimani akiwa na mimba, mume ameshakufa, wakamwacha kwa watu wa jembe ili asife. Waliporudi mvua iliponyesha, waliambiwa ameolewa huko na anakula. Wakamwacha akae."

"Ukoo huo," mzee akauliza polepole, "na ukoo wenu huu?"

"Tunaoana nao tangu zamani, na ukoo wa yule mume marehemu pia," bibi akasema. "Mimi mwenyewe nilitolewa huko nikaolewa hapa."

Mchumba wangu alikaa chini pale pale, kwenye samadi, na suruali yake mpya. Mimi nilivuta pumzi kana kwamba wiki mbili zote sikuwa nimevuta. Nilicheka, nikalia, sikumjali mtu.

Wote wakamtazama mama yangu, maana yeye ndiye aliyekuwa bado hajasema lolote. Alimtazama mzee wa Bashay muda mrefu, akatazama ile ngozi kwenye mapaja ya bibi, kisha akanisukuma mbele kwa kiganja cha mkono.

"Yule mlimpokea ana njaa," alimwambia. "Huyu mpokeeni ameshiba."