Kikofia cha Chumba Namba Saba

Dobi wetu hakuwa mtu wa kupendeka haraka. Ulimi wake ulikuwa mkali, na mhudumu aliyeleta shuka bila kuzikung'uta aliulizwa mbele za watu kama kwao walilelewa na mbuzi. Mimi nilikuwa bawabu wa nyumba hiyo ya kutunzia wagonjwa. Kibanda changu kilitazamana na chumba cha kufulia, kwa hiyo kwa miaka kumi na moja nilimsikia yeye zaidi kuliko nilivyomsikia mke wangu. Aliniita Bwana Funguo, kwa sababu ya kishada cha funguo kilichoning'inia kiunoni mwangu.

Kitu kimoja tu kilimlainisha: dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada huyo alipooza mwili, mikono ikabaki na nguvu kidogo tu, akapoteza na usemi, na dobi mwenyewe ndiye aliyemleta kwetu. Alipewa chumba namba saba.

Mwaka huo mgonjwa mmoja alikutwa amevunjika mkono na hakuna aliyejua ilikuwaje. Zikafungwa kamera vyumba vyote, na skrini isiyo na sauti ikawekwa kibandani kwangu. Familia zilifurahi. Dobi peke yake alimwendea msimamizi, mikono bado ina povu.

"Dada yangu hajawahi kuvuliwa nguo mbele ya mwanamume asiye mumewe," alimwambia. "Leo aogeshwe huku Bwana Funguo anakunywa chai anamtazama?"

Nilikuwa kweli nakunywa chai. Niliificha chini ya meza.

Msimamizi akakubali. Dobi alishona vikofia kumi na vinne vya kufunika kamera, vya rangi ya waridi, kwa shuka kuukuu zilizokunjwa mara mbili, na lastiki mdomoni. Wakati wa kuogesha, mhudumu aliivisha kamera kikofia kwa fimbo, akafunga mlango kwa ufunguo, akamaliza kazi yake, akakivua. Na amri ilitoka: atakayefungua mlango mgonjwa akiwa anaogeshwa, kazi hana. Wote tuliiona ni sheria ya heshima. Nami naiona hivyo hadi leo, ndiyo maana inaniuma.

Chumba saba kilikuwa cha mhudumu tuliyemwita Asali. Kwenye skrini, hakuna aliyemfikia. Alimchana mgonjwa nywele pole pole, akamfuta mdomo, akamwimbia. Wageni walipopita kibandani niliwaonyesha yeye kwanza.

Mwezi wa tatu tangu vikofia vianze, dobi alikuja kibandani na gauni la kulalia mkononi. Hakunitania. Alilitandaza mezani.

"Angalia mikono ya gauni."

"Naona mikunjo."

"Hiyo ni mikunjo ya fundo. Nguo ikifungwa fundo ikavutwa, pasi haiiondoi mara moja. Hili la saba linakuja hivi kila siku. Bwana Funguo, kuna mtu anamfunga dada yangu."

Nilimwambia labda ni mashine ya kufulia. Alinitazama kwa namna iliyonifanya nione aibu, maana hakuna aliyeijua mashine ile kuliko yeye. Kisha akaniuliza kuogesha chumba saba kunachukua muda gani. Sikuwahi kupima. Siku iliyofuata nilipima: vyumba vingine dakika ishirini, chumba saba karibu saa nzima. Saa nzima nikitazama kitambaa cha waridi.

Dobi alimpelekea msimamizi gauni. Jibu lilikuwa fupi: kamera zimekaguliwa, hazina kitu, na Asali ndiye mhudumu anayesifiwa kuliko wote. Jumapili, siku ya kutembelea, nilimsindikiza dobi hadi chumba saba. Dada mtu alikuwa amekonda mpaka mashavu yameingia ndani. Asali alisimama palepale, mkono begani kwa mgonjwa, akitabasamu.

"Hana hamu ya kula," aliniambia. "Tunajitahidi tu."

Jumatatu dobi alikuja na kikofia kipya. Kwa nje kilikuwa kilekile cha waridi, lakini alikuwa amekishona kwa kipande kimoja cha pazia la neti alilolitia rangi. Tulikijaribu kwenye kamera ya getini. Alisimama mbele yake akainua mkono, mimi nikitazama skrini.

"Vidole vingapi?"

"Vitatu."

"Na macho yako mabovu hayo! Basi kinatosha."

Vikofia vilifuliwa kila Ijumaa, na yeye ndiye aliyevirudisha vyumbani; Ijumaa hiyo cha neti kikaenda chumba saba. Jumamosi, saa nne asubuhi, aliingia kibandani akafunga mlango.

"Geuka uangalie ukuta," alisema. "Nilimwahidi hataonwa."

Nikageuka. Alininong'oneza kuwa kamera imevishwa, kisha kuwa mlango umefungwa. Baada ya hapo nilisikia pumzi za dobi tu, fupi, za haraka. Nilihesabu misumari ukutani. Nilitamani sana awe amekosea.

"Geuka," alisema mwishowe. "Nisamehe, dada. Geuka, Bwana Funguo, uone na wewe. Nikisema peke yangu watasema ni uchungu wa ndugu."

Picha ilikuwa na ukungu lakini ilionekana. Mikono ya gauni ilikuwa imefungwa kwenye vyuma vya kitanda, huku na huku. Beseni la maji lilikuwa kavu. Asali alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na bakuli la uji wa mgonjwa, anakula bila haraka, simu mkononi. Mgonjwa alipofungua mdomo kama anayeguna, Asali alichukua kitambaa chenye maji akamfunika nacho uso, akaendelea kula. Alihesabu kwa midomo. Kisha akakiondoa.

Dada mtu hakumtazama Asali. Macho yake yalipanda moja kwa moja kwenye kona ya dari, kwenye kamera, yakatulia hapo kama ya mtu aliyezoea kutazama mahali hapo. Miezi mitatu alikuwa akitutazama hivyo kila asubuhi, akingoja tumwone.

"Kikofia nilishona mimi," dobi alisema.

Alizinyakua funguo kiunoni mwangu, mkanda ukakatika, akatoka mbio uani kuelekea chumba saba.