Jino la Nne

Wiki jana, vijana wa mabati walipokuwa wakibomoa paa la jiko la marehemu nyanya huku Kanyakine, kitu kiliteleza toka juu kikaanguka kando ya sufuria yangu ya githeri. Fundi akashuka ngazi mbio. "Pole, mathe! Ni msumari?"

"Ni jino," nikamwambia.

Akaniangalia vile watu huangalia mama asiyetoka kwake. Na kweli sitoki. Safari yangu ndefu siku hizi ni ya kwenda kwa kuku.

Ilikuwa plagi ya gari, ile ya kuwasha moto ndani ya injini, imeliwa na kutu. Babu alikuwa na van ya kubeba ndizi, mojawapo ya zile van za zamani ambazo injini iko chini ya kiti cha mbele, na kiti hicho kilikuwa cha nyanya. Kabla ya hapo ndizi alizibeba mgongoni, kamba ya ngozi ikipita kwenye paji la uso. Ilimwachia mfereji ambao sisi wajukuu tuligombania kuupitisha kidole. Kwa hivyo gari lilipoanza kukohoa na kukataa kupanda kilima cha mtoni, si babu aliyekosa usingizi. Yeye alishatangaza: likishindwa tena siku ya soko, linaenda kwa watu wa vyuma vikuukuu. Nyanya aliishusha ile kamba darini, akaipaka mafuta, akaitundika mlangoni mahali ambapo babu angeiona vizuri.

Mjomba, fundi aliyesifiwa sana, hasa na yeye mwenyewe, akainua kiti na kubadilisha plagi. "Hili lina tatu," akasema akipangusa mikono. Babu akaliwasha. Kikohozi kilekile, na chai tuliyokuwa tukinywa yote ikanuka petroli.

"Ni nne," nyanya akasema, hajaacha kupukuchua mahindi.

"Mami, wewe umeiona wapi ya nne?"

"Sijaiona. Nimeikalia. Huku mbele kunanichoma matako, huku nyuma kumepoa kama benchi ya kanisa. Jino la nyuma limekufa."

Plagi aliziita meno, kwa sababu ya ule weupe wa juu na mzizi wa chuma. Babu alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Mjomba hakucheka. Alichungulia, akaingiza mkono, ukakwama kwenye kiwiko.

"Wajina, kuja," nyanya akaniita, maana nilibeba jina lake, ingawa si akili yake. Injini ilipopoa nikalala kifudifudi juu yake, mkono wangu wa kitoto ukapita, nikafuata waya kwa vidole hadi nyuma kabisa, na hapo nikagusa kofia ya mpira.

"Iko!"

"Vuta kofia, usivute waya!" mjomba akapiga kelele, kana kwamba yeye ndiye aliyeipata. Akapitisha spana, nikaielekeza, akazungusha. Zile tatu zilitoka rangi ya chai ya maziwa; hii ilikuwa nyeusi, imelowa mafuta. Kuingiza mpya, nyanya alisimamia: "Anza na vidole. Ikikataa, rudi nyuma, usiilazimishe." Baadaye aliniambia maneno hayo hayo kuhusu kuolewa, na ndiyo sababu unanikuta hapa na kuku.

Siku ya soko tulisimama uani kusikiliza. Gari likashuka mtoni, likanyamaza kidogo, halafu likapanda, sauti moja tu, bila kikohozi. Jioni nyanya aliitoa kamba mlangoni akamfungia mbuzi. Kisha akanipa plagi nyeusi. Enzi hizo nilikuwa nang'oka meno, na jino la mtoto, unajua, hutupwa juu ya paa ili jipya limee. "Hili pia ni jino. Tupa."

"Mami, kutaota injini huko juu," mjomba akasema. Nikatupa. Ikalia juu ya mabati, ikanasa.

Gari liliondoka kwenda kwa watu wa vyuma hatimaye, lakini nyanya alikuwa ameshapumzika kaburini, mgongo wake umenyooka. Siku hizi fundi huchomeka kimashine kwenye gari na kusoma ugonjwa kwenye simu. Hakuna anayekalia injini, na mfereji kama ule sijauona tena kwenye paji la mtu.

Paa jipya lilipokamilika nikairusha plagi tena. Fundi wa mabati akalalamika kwamba nitamkwaruzia rangi. Hakuwa na haja ya kujisumbua. Ilivingirika ikanirudia miguuni. Mabati haya mapya yanang'aa vizuri, lakini hayashiki kitu.