Mume Wangu Anataka Kuwa Mtawa wa Kibudha, Nami Simwamini

Admin, nifiche tafadhali, watu wa kanisa langu wamo humu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Voi. Naishi huku ughaibuni, Ilford, na mume wangu na binti yetu Neema aliye chuo. Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Baba Neema ni dereva wa basi, mpole, hanywi, hana maneno mengi.

Mwaka jana alianza kubadilika. Kila Jumamosi anatoka asubuhi, simu kaizima, anarudi jioni shati linanukia udi. Jamani, mimi mtu wa Pwani, udi naujua unafukizwa chumba gani! Nikawa nanusa nguo zake kabla ya kuzifua. Kisha akaacha chakula cha jioni. "Nimeshiba," ananiambia. Nikajua kuna anakopikiwa. Alipohamia sebuleni kulala chini, eti mgongo, niliacha kuuliza.

Jumamosi moja nikaomba ruhusa kazini, nikamfuata. Nilipanda treni ileile, behewa la nyuma, kofia nimeishusha usoni. Akashuka, akatembea hadi nyumba ya matofali kama za jirani zake, akavua viatu mlangoni, akaingia. Pale nje niliona na viatu vya kike. Nilisukuma mlango bila hodi, nimejiandaa kwa vita.

Nilimkuta amepiga magoti anafuta sakafu, mbele ya sanamu ya Buddha inayofukizwa udi. Wanawake wenyewe walikuwa mabibi wa Sri Lanka wanapanga maua. Mtawa mzee, kichwa kimenyolewa, vazi la rangi ya manjano, akanikaribisha chai, akanieleza kuwa wao hawali baada ya adhuhuri na hulala chini.

Mume wangu hakushtuka. "Mama Neema, afadhali umekuja. Nilikosa ujasiri wa kukwambia. Nataka kunyoa nywele, nibaki hapa maisha yangu yote."

"Na mimi je?"

"Wewe hujanikosea kitu."

Yule mtawa akasema hawampokei mtu mwenye mke mpaka mke aridhie kwa kinywa chake.

Tangu hapo sina amani. Mchungaji anasema karogwa. Neema ananijibu kwa Kiingereza chake nimwache baba apumue. Mimi bado nashuku. Mtu aliyeshindwa kuniambia anakwenda wapi, nitaaminije anachokitafuta? Na mbona kule alikuwa akitabasamu, tabasamu ambalo nyumbani sijaliona miaka?

Juzi asubuhi nikamuuliza, "Nambie kweli, unamfuata Buddha au unanikimbia mimi?"

Alikizungusha kikombe chake cha chai. Kisha akasema, "Sijui, mke wangu. Nataka nikakae kimya nijue."

Afadhali angenidanganya.

Jumamosi hii anataka twende wote nikatamke. Nikikataa, nitaishi na mtu aliyekwisha kuondoka. Nikikubali, nimeachwa bila talaka, bila hata mwanamke mwenzangu wa kumlaumu. Dada zangu, kaka zangu, mngekuwa mmekaa mbele ya yule mtawa, mngemjibu nini?