Nilipanga na Wafilipino Brussels, nikahisi mimi ndiye "dambuhala"

Wakuu, za weekend. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Mimi binti wa Morogoro, niko Brussels, nafanya usafi maofisini huku naota saluni yangu. Mwili ninao, sifichi. Naishi mtaa wa Saint-Gilles na Wafilipino wawili: Luz, mtu mzima, namwita Ate, yaani dada mkubwa kwao, na mdogo wake Marites.

Mwezi uliopita nikaanza kuona mambo.

Nikipita sebuleni wananiangalia juu mpaka chini, wananong'ona. Neno linalorudi: malaki.

Nikaingia Google. Kwa lugha yao malaki ni kubwa. Kesho yake nikanasa napakalaki, kubwa mno. Halafu Marites akasema dambuhala, wakacheka mpaka machozi. Hilo ni la vitu saizi ya nyangumi.

Niliumia sana. (Najua hata sisi tunaitana bonge. Lakini tunaitana usoni.)

Nikaacha kula nao. Ate akawa ananiwekea wali, anaufunika na sahani, naupita kama siuoni. Kimyakimya nikapata chumba mtaa wa Saint-Josse, nihamie Jumatatu.

Jumamosi nakuta boksi limetolewa chumbani kwao, limeziba korido, linanifika kifuani.

Kumbe kwao aliye ughaibuni anajaza boksi miezi na miezi: sabuni, nyama za kopo, viatu, chokoleti, linaenda nyumbani kwa meli. Wanalipia ukubwa wa boksi, uzito hauangaliwi, so wanashindilia haswa. Hilo lao liligoma kufungika.

Ate akaja na tepu, macho chini, Kifaransa chake cha kuungaunga.

"Mdogo wangu, mwezi mzima tunabishana nani akuombe. Tuliogopa utachukia. Unaweza kulikalia?"

Nikamuuliza, "Dambuhala ni mimi au boksi?"

"Boksi."

Marites akadakia, "Na wewe kidogo."

Nikacheka nikiwa nimeshakaa. Boksi likatii, tepu ikapita.

Ate akanipa marker niandike jina la binti yake. Alimwacha na miaka minne, sasa ana kumi.

Niliandika kwa herufi malaki. Nikampigia mwenye chumba cha Saint-Josse nimwambie siji, nikiwa bado nimekaa juu ya boksi.

Nilichojifunza: maneno yao yote niliyatafuta kwenye simu, wao wenyewe wako chumba cha pili sikuwauliza hata moja.

Na wewe uliyewahi kununa kwa lugha usiyoijua, ilikuwaje? Funguka hapa.

Ule wali niliula jioni hiyo, wa baridi hivyohivyo.