Mzigo wa Usiku Mmoja

Fundi anapaka gundi ya kiraka kwenye baiskeli yangu hapa Old Kampala, na harufu yake inanirudisha ufukweni mwa ziwa.

Nikiwa mtoto, nilimsumbua baba wiki nzima: watoto wa jirani wamepiga kambi, sisi je? Basi tukaenda kwa baiskeli, mimi nyuma, nimebanwa na mzigo. Kwa usiku mmoja tu, baba alibeba sufuria, chumvi, blanketi zote na bahasha ya karatasi zetu za ukimbizi. Tairi lilipotoboka njiani, alibandika kiraka akigeuka kila mara kutazama nyuma.

Tulifunga turubai jua likizama. Nikaanza kufungua viatu.

"Usivitoe, mama," alisema. Ndivyo alivyoniita. "Lala navyo."

"Si tumekuja kucheza?"

"Ndiyo. Tumekuja kucheza."

Asubuhi nilimkuta ameketi nje na viatu vyake miguuni. Mzigo ulikuwa bado kwenye baiskeli, na baiskeli ameigeuza ielekee barabarani.

Fundi anauliza tunaenda wapi. Namwambia nampeleka binti yangu ziwani, tulale usiku mmoja tu.

Anautazama mzigo wangu, sufuria na blanketi zote, kisha ananitazama mimi.