Likizo ya Siku Nne ya Bwana Jicho

Katika chumba cha kukatia cha kiwanda kile cha nguo, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Jicho, kwa sababu ukiingia tu mlangoni, alikutazama mara moja na kukutajia kifua, kiuno na urefu wa mikono yako bila kugusa futi, na akikosea, basi amekosea kwa upana wa kucha. Sifa hiyo ilimvimbisha kichwa, tuseme ukweli. Miaka kumi na mmoja alikuwa akikata nguo za watu asiowajua, na zote ziliwakaa.

Nyumbani alikuwa na mke, muuzaji wa duka la dawa, na binti wa miaka minne na nusu waliyempachika jina la Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyojua kupumzika. Lakini mdomo huo Jicho aliusikia kwa nadra. Aliondoka saa kumi na moja alfajiri, mtoto amelala. Alirudi saa tatu usiku, mtoto amelala. Jumapili, kama hakuna kazi ya ziada, alilala yeye, na mtoto akaambiwa asipige kelele. Ikawa Chiriku anamchukulia baba yake kama mpangaji wa chumba cha uani: anamwamkia vizuri, anampisha njia, halafu huyo, anakwenda zake kwa mama.

Jambo hilo lilimkereketa. Ndipo akaomba likizo ya siku nne awapeleke pwani, watatu tu, ashinde na mtoto wake mpaka wazoeane. Vinginevyo, alijiambia, binti ataanza shule na kuimaliza huku akimwamkia tu.

Sasa, mtu mwenye wasiwasi akipanga safari, mwonee huruma mkewe. Jicho alitandaza juu ya meza ya chakula karatasi ile ya kuchorea vipande vya nguo, akazichora siku zote nne kama anavyopanga mikono na kola juu ya kitambaa, kisibaki kipande cha kutupa. Saa mbili, kuogelea. Saa nne, kivulini. Saa saba, kulala. Saa tisa, kujenga nyumba za mchanga, baba na mtoto. Alifunga begi, akalifungua, akahesabu soksi, akalifunga tena.

"Soksi za nini ufukweni, Baba Chiriku?" mkewe aliuliza.

"Akisikia baridi?"

"Na hili blanketi?"

"Akizidi kusikia baridi."

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Yeye hakucheka. Aliuliza mara tatu kama mtoto hutapika ndani ya basi, jambo ambalo, ukilifikiria, baba mtu alitakiwa kulijua.

Lakini kilichomnyima raha kweli hakikuwa baridi wala kutapika. Ijumaa mchana, siku mbili kabla ya safari, msimamizi alimwita ofisini. Oda kubwa ya sare za shule ilikuwa imeingia ghafla.

"Jicho, ndugu yangu, hapa nina nani mwingine?" msimamizi alisema. "Familia itangulie Jumapili. Wewe utawafuata Jumanne."

Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya kurudi. Jicho alipaswa kukataa palepale. Badala yake akasema, "Nitakupigia kesho," na nusu ya moyo wake, aibu iliyoje, ikafurahi kuambiwa kwamba hana mbadala. Alipofika nyumbani, hakumwambia mkewe kitu.

Jumamosi asubuhi akawa kiguu na njia, jikoni, barazani, jikoni tena, simu mkononi. Alikuwa na kitu kimoja cha kujipa moyo nacho. Wakati wa mapumziko ya mchana kazini alikuwa amekata na kushona vazi la kuogelea la mtoto, la kitambaa cha njano chenye kuvutika, na marinda madogo kiunoni. Kama yeye angechelewa kufika pwani, vazi lingemwakilisha.

"Chiriku, njoo ujaribu."

Mtoto akaja. "Shikamoo, Baba." Akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akavuta. Vazi likagoma mapajani.

"Vuta tumbo ndani," Jicho alimwambia.

"Nimevuta."

Mkewe alikuja, akalishika vazi, akaligeuza. "Baba Chiriku, hili ni la mtoto wa miaka miwili."

"Haiwezekani. Nimempima kwa macho yangu mwenyewe."

"Ulimpima lini?"

 Jicho alikuwa amempima kitandani. Kila siku alimwona palepale, chini ya shuka, amejikunja, magoti yamegusa kidevu. Akisimama ana urefu gani, hilo jicho lake halikuwahi kuliangalia sawasawa. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Chiriku alimwonea huruma. "Usijali, Baba. Mama ameninunulia lingine." Akafikiri kidogo. "Tukirudi nitakusimulia bahari ilivyo. Ukiwa umelala, nitasubiri uamke."

"Kwani mimi siendi?"

"Wewe una kazi."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu," alisema mtoto, bila kinyongo chochote. "Wewe una kazi."

 Mkewe alikuwa anamtazama. Jicho akapiga moyo konde, akabonyeza namba ya msimamizi palepale, kabla hajabadili nia.

"Bosi, sitaweza. Naondoka kesho na wenzangu."

Sauti upande wa pili ilisikika mpaka kwenye kochi. "Unaniacha na nani, Jicho? Basi ukirudi, usishangae kukuta mtu mwingine amesimama kwenye meza yako!"

 Ile meza Jicho aliipenda, na hakujua kazi nyingine. "Nimekuelewa, bosi," alisema, akakata simu. Kisha akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Chiriku, naenda na nyinyi. Siku zote nne."

Alitegemea kurukiwa shingoni. Mtoto alimkagua uso kwa muda mrefu, halafu akageuka akamkimbilia mama yake.

"Mama, Baba anasema anakuja. Ni kweli?"

 Mama mtu alimtazama mumewe pale chini, jasho linamtoka. "Amesema," alijibu. "Kesho akipanda basi, tutamwona."

"Haya," alisema Chiriku kwa adabu zake zote. "Basi nitafurahi kesho, akishapanda."